Jembe la Mgeni: Utamaduni, Ardhi na Haki ya Kuwa Tofauti katika Nyanda za Kitengela

Utangulizi

Mwezi wa Juni mwaka 1991 kamati iliyoundwa kuchunguza mitaala ya historia na elimu ya jamii katika jimbo la New York ilitoa ripoti iliyoitwa One Nation, Many Peoples. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Marekani ni taifa la watu wenye asili nyingi, na kwamba mtoto wa shule ana haki ya kuikuta asili yake katika kitabu anachokisoma. Miongoni mwa wanakamati alikuwamo Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Binghamton katika jimbo hilo hilo. Mwanahistoria Arthur Schlesinger aliipinga ripoti hiyo kwa maandishi, na katika mwaka huo huo akachapisha kitabu chake The Disuniting of America, akionya kwamba taifa linalomhimiza kila raia aishikilie asili ya babu zake litaishia kukosa kinachowaunganisha raia wenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mjadala huo unaweza kuonekana kuwa ngoma ya jirani: husikika, lakini haimkoseshi usingizi asiyealikwa. Makala hii inadai kinyume cha hivyo. Maswali yaliyoulizwa New York mwaka 1991 yanaulizwa kila siku katika maeneo ya Kenya ambako hakuna kamati yoyote iliyoundwa kuyajibu, na pengine yanaulizwa kwa uwazi zaidi huko, kwa sababu kule Marekani jambo moja la msingi lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya mjadala kuanza. Jambo hilo ni ardhi.

Mfano utakaotumika hapa ni Tuala, kituo cha biashara kilichoko katika Kaunti ya Kajiado, baina ya Ongata Rongai na Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Anayepita Tuala leo atakuta maduka ya vifaa vya ujenzi, makanisa ya mabati, vibanda vya nyama choma, nyumba za ghorofa ambazo hazijakamilika, na mabango yanayotangaza ploti za hamsini kwa mia. Baina ya ploti hizo, pale ambapo seng'enge haijafika, bado wanapita ng'ombe. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ikawahesabu 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436 na Ongata Rongai 172,569. Ongezeko la namna hii haliwezi kuelezwa kwa uzazi wa wenyeji. Ni Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Wakisii, Waluhya, Wasomali na wengineo waliokuja kutafuta kile ambacho Nairobi imewanyima, yaani kipande cha ardhi kinachonunulika.

Je, watu hawa wana wajibu gani kwa utamaduni waliokuta? Na utamaduni huo una haki gani ya kuwadai?

Sitiari za jikoni

Mhakiki wa fasihi hana mamlaka ya kuamua kesi za ardhi, lakini anayo kazi moja ambayo wanasheria huipuuza, nayo ni kuzichunguza sitiari ambazo kwazo jamii hujifikiria. Mjadala wa Marekani umeongozwa na sitiari tangu mwanzo. Mwaka 1908 tamthilia ya Israel Zangwill iitwayo The Melting-Pot iliigizwa mjini Washington mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Tamthilia hiyo ililipa taifa zima picha ya chungu cha kuyeyushia ambamo Mjerumani, Mwairishi, Mrusi na Myahudi hutiwa na kutoka wakiwa kitu kimoja kipya. Mwaka 1915 mwanafalsafa Horace Kallen aliikataa picha hiyo na kupendekeza nyingine, ile ya okestra, ambamo kila kabila ni ala yenye sauti yake na umoja hupatikana katika upatanifu wa sauti. Baadaye likaja bakuli la saladi, ambalo Mswahili angeliita kachumbari: nyanya inabaki nyanya, kitunguu kinabaki kitunguu.

Sitiari hizi zimejadiliwa sana kwa upande wa viungo: je, viyeyuke au visiyeyuke? Haikuulizwa sana chungu kimetegwa juu ya mafiga ya nani. Zangwill alipoiandika tamthilia yake, sheria ijulikanayo kama Dawes ilikuwa na miaka ipatayo 20 ikitekelezwa. Sheria hiyo ya mwaka 1887 iliichukua ardhi ambayo wenyeji wa asili wa Marekani waliimiliki kwa pamoja, ikaigawa vipande vipande, mkuu wa kaya akipewa eka 160, na kilichobaki baada ya mgawo kikafunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1887 wenyeji hao walikuwa na takriban eka milioni 138. Sera hiyo iliposimamishwa mwaka 1934, walikuwa wamebaki na takriban eka milioni 48. Waliotunga sheria hiyo hawakujiona kuwa wezi. Wengi wao walijiita marafiki wa wenyeji na waliamini kwa dhati kwamba mtu mwenye hati yake, ua wake na shamba lake atakuwa raia kamili. Hivyo basi, wakati chungu kilipokuwa kikisifiwa jukwaani, mahali pa kukitega palikuwa pakiandaliwa kwingine. Hata okestra ya Kallen, ambayo ni ya kiungwana zaidi, iliundwa kwa kuwafikiria hasa wahamiaji kutoka Ulaya. Wenye ukumbi hawakupewa ala.

Hili si lawama la kihistoria tu. Ni kasoro ya kimantiki katika dhana nzima ya uanuwai wa kitamaduni kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu kwa kufuata vitabu vya huko. Dhana hiyo huuchukulia utamaduni kana kwamba ni mzigo unaobebeka: lugha, chakula, mavazi, nyimbo, ibada. Mzigo wa namna hiyo mtu anaweza kwenda nao popote na kuutua pembeni mwa mzigo wa jirani bila kugombana. Yako mambo ya utamaduni yaliyo hivyo. Lakini yako mengine ambayo hayawezi kubebwa kwa sababu yamo ardhini. Ufugaji wa kuhamahama si vazi. Ni njia ya kuitumia nchi ambayo inadai kwamba nchi iwe wazi, na mtu mmoja akijenga ua katikati yake hajaongeza rangi nyingine katika shada la maua, amelikata shada.

Jembe, mji na maneno

Mswahili anapotaka kueleza namna ya kumpokea mgeni husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufafanuliwa darasani kuwa ni onyo dhidi ya uvivu. Ufafanuzi huo ni sahihi lakini haufiki mbali. Jembe ndani ya methali hii ni zaidi ya kazi, ni uanachama. Anayepewa jembe ameacha kuhesabiwa mgeni, kwa kuwa sasa analima pamoja na wenyeji na atakula pamoja nao kwa haki wala si kwa hisani. Hii ni falsafa ya ukarimu iliyo bora kuliko nyingi zilizoandikwa katika vitabu vikubwa.

Tatizo ni kwamba ni falsafa ya wakulima. Katika nyanda za Kitengela, mgeni hakusubiri kupewa jembe, alikuja nalo. Na huko jembe, pamoja na ndugu yake seng'enge, ndilo lenyewe linalogombaniwa. Kwa Wamaasai wa zamani kuichimba ardhi lilikuwa jambo la kuepukwa. Kwa hiyo kitendo ambacho kwa mkulima ni alama ya kujiunga na jamii, kwa mfugaji ni alama ya kuivunja. Methali ile ile, ikivuka mto Mbagathi, inageuka maana.

Msamiati wetu wa kitaalamu una upendeleo huo huo, na ni vyema wanafasihi ya Kiswahili waukiri. Neno utamaduni limetokana na neno la Kiarabu tamaddun, lenye mnasaba na madina, yaani mji. Ustaarabu, kwa asili yake, ni hali ya kufanana na Mwarabu. Waingereza nao, kwa neno lao culture, wameazima kwa Kilatini kitenzi kilichomaanisha kulima. Basi katika lugha mbili ambazo kwazo mambo ya Tuala hujadiliwa ofisini na shuleni, mwenye utamaduni ni mtu wa mji au mtu wa shamba. Mfugaji hakuachiwa mlango. Neno pekee la ufugaji lililopanda cheo katika Kiswahili cha siku hizi ni mchungaji, na wachungaji wa aina hiyo ni wengi Tuala, kila mmoja na kanisa lake, wala hawana ng'ombe.

Haimaanishi kwamba Kiswahili ni adui wa Wamaasai. Kinyume chake, sokoni Tuala Kiswahili ndicho kitu ambacho mwenyeji na mgeni wanakimiliki sawasawa, kwa sababu karibu wote wamekuja kwacho kutoka lugha nyingine. Hapo kinafanya kazi ambayo Kiingereza hakikuweza kuifanya kwa Wacherokee. Lakini usawa wa sokoni usitufanye tudhani kwamba lugha yenyewe haina msimamo. Majina ya mahali yanatukumbusha. Nairobi, Ongata Rongai na Embakasi ni maneno ya Kimaasai. La kwanza lasemea maji baridi, la pili uwanda mwembamba. Kadhalika Massachusetts, Ohio na Chicago ni majina yaliyotokana na lugha za wenyeji wa asili. Jina ndilo hubaki mwenyewe anapoondoka, na kwa kuwa halizuii ujenzi, mnunuzi hulipata bure pamoja na ploti.

Mwenyeji aliyefanywa mgeni

Hoja moja husikika kila swali hili linapozushwa: Wamaasai wa Kajiado hawakunyang'anywa, waliuza. Mnunuzi alilipa, muuzaji akatia sahihi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inampa kila raia haki ya kupata na kumiliki mali mahali popote nchini. Dhuluma iko wapi?

Hoja hii haiwezi kupuuzwa, na wale wanaoijibu kwa kuwaita wageni wote walowezi wanafanya kosa la kimaadili. Mwalimu wa shule aliyekopa kwenye chama cha ushirika kununua thumuni ya eka Tuala si mlowezi. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mtoto wa watu waliokosa ardhi kwao. Hata hivyo hoja hiyo inaianza hadithi katikati.

Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa na kuwekwa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, kwa ahadi kwamba mpango huo ungedumu maadamu kabila lao lipo. Ahadi ilidumu miaka 7. Kwa mapatano ya mwaka 1911 wale wa Laikipia walihamishwa tena kwenda kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi iliyofahamika kwa jina la Ole Njogo, mahakama ilikataa kuisikiliza kwa sababu kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na mambo ya mikataba hayahukumiwi na mahakama za ndani. Kwa maneno mengine, Wamaasai walikuwa taifa la kigeni. Mwaka 1831 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imewafungia Wacherokee mlango kwa sababu iliyo kinyume kabisa: kwamba wao si taifa la kigeni bali ni taifa tegemezi lililomo ndani, na kwa hiyo hawawezi kulishtaki jimbo la Georgia mbele yake. Mmoja alikataliwa kwa kuwa mgeni, mwingine kwa kutokuwa mgeni vya kutosha. Msomaji wa fasihi ataitambua kejeli hii bila kusaidiwa.

Baada ya uhuru zilikuja ranchi za vikundi, chini ya sheria ya mwaka 1968, ambazo ziliungwa mkono na wafadhili wa maendeleo ya mifugo, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wao. Ardhi ilisajiliwa kwa jina la kikundi, na kikundi kikawa na daftari la wanachama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ilianza kugawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri: viongozi wa vikundi hawakuaminika, vijana waliozaliwa baadaye walihofia kukosa, na hati ingeweza kuwekwa rehani benki. Ilikuwa ni sheria ya Dawes iliyoombwa na wenyewe. Mauzo yalifuata, kwa sababu karo, ugonjwa na ukame havikungoja, na kwa sababu bei iliyotolewa na watu wa Nairobi haikuwa imewahi kuonekana. Viwanda vya eneo maalumu la mauzo ya nje huko Athi River, lililoanzishwa mwaka 1990, vilileta wafanyakazi waliohitaji kulala mahali fulani.

Hapa ndipo ridhaa ya muuzaji inapohitaji kuchunguzwa. Mtu anaweza kuuza kilicho chake. Lakini uwazi wa nyanda haukuwa wa mtu mmoja. Kila muuzaji aliuza eka zake, na pamoja nazo akauza, bila kuandikiwa katika hati, njia ya ng'ombe wa jirani ambaye hakuuza. Jirani huyo hakulipwa chochote na hakuulizwa. Haki ya kumiliki ilitimizwa mara elfu moja, na jumla yake ikawa ni kitu ambacho hakuna aliyekiridhia. Katiba ile ile, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika kifungu cha 63 inaitambua ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016. Kwa Kitengela vifungu hivyo vilifika wakati mgawo ulikuwa umekwisha.

Wakati huo huo watu wa mji wanaipenda nyanda hiyo kwa namna yao. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye eneo la kilomita za mraba 117, imezungushiwa ua kwa pande zilizoelekea jiji, na upande wa kusini ukaachwa wazi ili wanyama wavuke kuelekea malisho ya Kitengela. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuua mbuzi, na masikitiko makubwa yakasikika. Simba wana watetezi wengi kuliko mbuzi, na mbuzi kuliko mwenye mbuzi.

Resian na hati ya ardhi

Hadi hapa makala hii imeonekana kuusemea utamaduni wa wenyeji dhidi ya sheria ya mtu binafsi. Lau ingeishia hapo ingekuwa imeandika nusu ya ukweli, nayo ni nusu iliyo rahisi. Nusu ya pili iliandikwa na Henry ole Kulet.

Ole Kulet, aliyefariki mwaka 2021, alianza kuandika kuhusu Wamaasai kwa riwaya ya Is It Possible? mwaka 1971. Blossoms of the Savannah, iliyotoka mwaka 2008 na kushinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, ndiyo inayosomwa zaidi, kwa kuwa iliwekwa katika mtaala wa shule za upili. Ole Kaelo anaachishwa kazi Nakuru na kurudi Nasila, nyumbani kwa ukoo wake, pamoja na mkewe na binti zake wawili, Taiyo na Resian. Mabinti hao hawajakeketwa, na jamii ina jina la dharau kwa wasichana wa namna hiyo. Taiyo anakeketwa kwa nguvu. Resian, ambaye hamu yake kubwa ni kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, anatafutiwa mume kwa hila.

Uhakiki mwingi wa riwaya hii umeisoma kama mgongano baina ya mila na usasa. Usomaji huo unapungukiwa na jambo ambalo mwandishi amelipanga waziwazi. Ole Kaelo hamwozi Resian kwa Oloisudori kwa sababu mila inamlazimisha. Anamwoza kwa sababu Oloisudori ameshikilia biashara yake. Oloisudori ni tajiri wa mjini, mhalifu mwenye magari ya fahari, na utamaduni kwake ni leso ya kufungia mali. Katika Nasila mila hutetewa kwa sauti ya juu zaidi na wale ambao fedha zimewafikia kwanza. Anayeusimamisha uovu huo, mwanamke aitwaye Minik ambaye watu humwita Emakererei, ni mfugaji anayesimamia ranchi kubwa ya kondoo. Hakuacha kuwa Mmaasai ili awaokoe wasichana. Wakati mwanafalsafa Susan Okin alipouliza, mwaka 1997, iwapo uanuwai wa kitamaduni ni mbaya kwa wanawake, aliwafikiria zaidi wanawake wanaotoka katika jamii zao ili waokolewe na dola. Riwaya ya Ole Kulet inamfikiria anayebaki.

Swali hili halikukaa vitabuni. Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Mwaka 2014 wanawake wa Kajiado waliandamana kuipinga. Mwaka 2017 daktari Tatu Kamau aliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos akidai kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuamua kufuata mila yake. Kesi ilitupwa mwezi wa Machi 2021. Ni rahisi kuwacheka walioandamana, na ni makosa. Walikuwa wakisema jambo ambalo Charles Taylor, katika insha yake ya mwaka 1992, alilisema kwa lugha ya kifalsafa: kwamba kudharauliwa kwa kile kinachokufanya uwe wewe ni jeraha la kweli. Lakini kifungu cha 44 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya utamaduni wake, kinasema pia kwamba hakuna atakayemshurutisha mwingine kufuata au kufanyiwa desturi au kaida yoyote ya kimila. Mtoto wa miaka 12 hana namna ya kutoshurutishwa. Hapo hoja ya jeraha la mama haiwezi kulifunika jeraha la binti.

Basi ugumu wenyewe ndio huu. Kanuni inayomwokoa Resian, kwamba kila mtu ni mwenye nafsi yake na mwili wake, inaonekana kuwa ni kanuni ile ile iliyoivunja nyanda, kwamba kila mtu ni mwenye ploti yake. Anayeipokea mahali pamoja atawezaje kuikataa mahali pengine? Wahafidhina wa Kajiado wameiona pingamizi hii na huitumia: mkitaka mila yetu ya malisho iheshimiwe, heshimuni na nyinginezo. Wapenda maendeleo wa mjini nao huitumia kwa upande wa pili.

Jibu limo katika daftari la ranchi. Mgawo wa Kitengela, kama ule wa ranchi nyingine za Kajiado, haukumpa kila mtu ardhi. Ulimpa mwanachama aliyesajiliwa, na waliosajiliwa walikuwa, isipokuwa wajane wachache, wanaume wakuu wa kaya. Mke hakuwamo. Binti hakuwamo. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu binafsi alishinda na jamii ikashindwa. Aliyeshinda ni baba, naye alishinda mara mbili. Katika mila alimsemea binti kuhusu mwili wake. Katika hati akamsemea kuhusu malisho yake. Zamani walau ng'ombe alikuwa na wenyewe wengi, maana mke alikuwa na haki ya maziwa, na mwana alikuwa na haki ya urithi ambayo baba hangeweza kuikanyaga hadharani. Hati ilizifuta haki hizo zote kwa mstari mmoja wa wino. Ole Kaelo anayemtoa Resian kwa sababu ya deni, na mwenye hati anayeuza eka 50 bila ya mkewe kujua, ni mhusika mmoja katika sura mbili za kitabu kimoja.

Likitazamwa hivyo, swali la New York linabadilika umbo. Schlesinger na wapinzani wake waligombana kuhusu ni utamaduni gani utambuliwe. Tuala inauliza kwanza ni nani atambuliwe kuwa msemaji wa utamaduni, na ni nani mwenye kukitia sahihi kinachouvunja.

Osotua

Wasemaji wa lugha ya Maa wanalo neno osotua, ambalo maana yake ya kwanza ni kitovu, yaani ule uzi unaomfunga mtoto na mamaye. Kwa maana ya pili ni uhusiano baina ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kumwomba mwenzake anapopungukiwa, na mwenzake hutoa kadiri ya uhitaji ulioelezwa na uwezo alio nao. Mwanaanthropolojia Lee Cronk, aliyeuchunguza uhusiano huu miongoni mwa Wamukogodo, ameonyesha kwamba kilichotolewa kwa osotua hakihesabiwi. Kinachohesabiwa huitwa esile, deni, nacho ni kitu kingine kabisa. Osotua inaweza kufungwa na mtu wa kabila lolote. Haimdai abadili jina, dini wala chakula. Inamdai afungue pale inapobidi.

Ukilinganishwa na jembe la Waswahili, huu ni ukarimu wa aina nyingine. Jembe linampa mgeni nafasi kwa kumfanya afanane na mwenyeji. Osotua inamwacha tofauti alivyo na kumpa wajibu. Katika ukame wa mwaka 2009 mifugo ilionekana kando ya barabara za Nairobi ikitafuta nyasi, na ukame wa mwaka 2022 ulirudisha hali hiyo. Katika misimu kama hiyo seng'enge za Tuala huwa na maana iliyo wazi kwa pande zote mbili. Nyuma yake mara nyingi pana ploti tupu, isiyojengwa, ya mtu anayesubiri bei ipande, na nyasi zinazokauka bila kuliwa. Mwenye ploti hiyo akilifungua lango kwa wiki tatu hapotezi kitu ambacho hati imempa. Sheria haimlazimishi. Ndiyo sababu kufungua kwake, au kukataa, ni swali la maadili na si la mahakama.

Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango uliojaribu kufanya kitu cha kukaribiana na hicho kwa fedha. Wenye ardhi wa Kitengela walilipwa takriban dola 4 kwa eka kwa mwaka kwa sharti la kutojenga ua, kutolima na kutouza, ili wanyama na mifugo wapite. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, zikipatanishwa na mihula ya shule, kwa hiyo sehemu kubwa yake iliishia kwenye karo. Yaani kwa miaka kadhaa uwazi wa nyanda ndio uliowasomesha watoto wa Kitengela, akina Resian wakiwamo. Lakini mpango ulitegemea fedha za wafadhili, na dola 4 hazikuweza kushindana na bei ya ploti ya hamsini kwa mia. Waliokuwa wakilipwa walikuwa ni wenye hati. Waliokuwa wakinufaika na nyanda iliyo wazi bila kulipia chochote, pamoja na wakazi wa Nairobi wanaokwenda mbugani siku za Jumapili na wenye ploti za Tuala wanaosifu hewa safi katika matangazo yao ya kuuza, hawakuombwa mchango.